Iko ya Sista Kiden

Nilisikia tangazo la kifo chake kwenye redio, saa saba mchana, nikiwa nafungua simu ya mteja iliyoingia maji. Redio zetu za Arua husoma vifo wakati wa chakula, majina yakifuatana pamoja na vijiji, wakwe na wajukuu, na mimi kwa kawaida siyasikilizi, nayaacha yapite pamoja na kelele za mashine ya kusaga ya jirani. Siku hiyo mtangazaji akasema Kiden, muuguzi wa zamani, wa Kuluba katika Koboko, amezikwa jana, na maombi ya kumaliza msiba ni Jumamosi. Bisibisi ilinitoka mkononi. Mwenye simu, aliyekuwa amekaa kwenye stuli akiningoja, akaniuliza kama ni ndugu yangu. Nikamwambia hapana, kisha nikamwambia ndiyo, kisha nikamwambia arudi kesho. Mimi si mtu wa kulia mbele ya wateja. Nilifunga mlango, nikakaa kwenye stuli yake, nikahesabu miaka, nikapata karibu kumi. Kuluba haiko mbali na hapa, ni mwendo wa asubuhi moja tu, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kwenda.

Nitasema habari za mwaka mmoja. Mengine ya kwetu, nani alimzaa nani na babu alikuja na jeshi gani kutoka Sudani, wazee wa Kinubi wa mjini wanayajua kuliko mimi na wanapenda kuyasimulia kuliko mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimerudi kutoka chuo cha ufundi Eldoret na cheti kwenye bahasha, na kichwa kimenivimba kweli. Injinia Adriko alinipa meza katika karakana yake juu ya Arua Hill. Ilikuwa nyumba ya zamani ya wakoloni, imekatwakatwa vyumba na kupangishwa, sakafu nyekundu ya kusugua kwa nta, madirisha ya vioo vidogo vidogo, na ukutani kuna jiko la kuotea moto ambalo hakuna aliyejua Mzungu alikuwa anakimbia baridi gani hapa Arua. Sisi tuliweka betri humo. Betri kubwa nne, za kutosha kuendesha meza yangu mchana kutwa hata umeme wa mji ukikatika, na ulikatika kila siku. Nilijivunia betri zile. Sasa nikizikumbuka nachukia, kwa sababu zilinidekeza: kitu chochote nilichokijaribu pale mezani hakikuwahi kuonja umeme kukatika. Kati ya meza yangu na ofisi ya Injinia kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na akipiga simu nilisikia hata akimeza mate. Alikuwa na sauti mbili, moja ya watu wa mradi, laini, ya Kiingereza, na nyingine ya sisi.

Kazi yetu ilikuwa visanduku. Kulikuwa na mradi uliotaka kujua kama majokofu ya chanjo kwenye vituo vya vijijini yanakaa baridi inavyotakiwa, maana chanjo ikipata joto inakuwa maji matupu, mtoto anachomwa sindano na hakuna kinga anayopata. Vituo vingi havikuwa na mtandao, kwa hiyo kifaa kilipaswa kujiandikia chenyewe na kutunza mpaka mtu aje. Ndani ya kila kisanduku mlikuwa na bodi ndogo isiyozidi vidole viwili kwa upana, mikrokontrola, kompyuta ndogo mno yenye waifai yake yenyewe, na waya mwembamba wa kupima joto unaoingia ndani ya jokofu. Kila dakika kumi inapima, inaandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu ya flashi. Nilipenda sana kueleza watu habari ya flashi. Nilikuwa nasema hii ni kumbukumbu isiyohitaji umeme ili ikumbuke, unaweza kuizima, kuichomoa, kuitia kabatini mwaka mzima, na kilichoandikwa utakikuta. Na ni kweli kabisa. Nilichosahau kusema ni kwamba kumbukumbu hiyo ni tiifu kupita kiasi. Ukiiambia ifute inafuta, haikuulizi kama una hakika. Mimi ndiye niliyeandika programu yake, na Injinia hakuisoma, alisema nina karatasi ya Eldoret inatosha.

Huko Eldoret walinicheka kwa neno moja. Kwetu West Nile, iko ni neno la kazi zote: mtu iko, maji iko, njaa iko, Mungu iko. Wanafunzi wenzangu walikuwa wakinisubiri nifungue mdomo tu waanguke, na mwalimu mmoja wa kutoka pwani, mama mpole, alinifundisha kwa subira kwamba mtu yuko, kisu kiko, jiwe liko, nguo ziko. Alisema ukizoea hivyo, msikilizaji anajua unazungumzia nini hata ukiwa hukukitaja. Nilizoea. Nilirudi Arua na hizo ziko na kiko zangu, na wiki ya pili sokoni muuza samaki, nilipomwuliza samaki wa angara wakavu wako wapi, akaniuliza kama nimeolewa Mombasa. Wenzake wakacheka. Nikaziweka zote chini nikarudi kwenye iko, na sikuona kama nimepoteza kitu.

Kituo chenyewe kilikuwa upande wa Kuluba, na jina lake sitalitaja kwa sababu waliopo sasa hawahusiki. Tulifika na Injinia siku ya kuweka kisanduku, tukampata Sista Kiden amekwisha panga viatu vyake mlangoni, ishara kwamba na sisi tuvue. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu, anavaa sweta juu ya sare hata jua likiwaka, na funguo za jokofu zimening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Chumba cha jokofu kilikuwa kidogo kama stoo, ukuta wa bluu hadi kiunoni, na kinanukia dawa ya kusafishia. Jokofu lilikuwa na paneli yake ya sola juu ya paa, mambo yake peke yake. Kisanduku chetu tukakichomeka kwenye soketi ya ukutani, ile ya taa na ya kuchaji simu za wafanyakazi. Sikuuliza umeme wa soketi ile unakuja na kuondoka saa ngapi. Ni swali ambalo hata mtoto angeuliza. Taa ndogo ya bluu ikawaka, nikamwambia Sista kwamba akiiona hiyo ajue kifaa kinafanya kazi.

Aliinama akaitazama muda mrefu. Akauliza inafanya nini hasa, nikampa hotuba yangu ya flashi, kwamba inaandika joto mchana na usiku hata yeye akiwa amelala, na haisahau. Hapo akanyooka, akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo.

"Basi hii ni shahidi yangu. Watu ya hapa wanasema mimi naweka soda ndani ya friji ya watoto. Sasa sanduku itasema."

Injinia alicheka, mimi pia nikacheka. Sista hakucheka. Nilikuja kujua baadaye kwamba maneno ya soda yalikuwa ya zamani, yalianzishwa na mtu aliyenyimwa barafu ya harusi, na yalimuuma, kwa sababu mwanamke yule hakuwa na mali yoyote ila jina lake. Alitupikia. Ilikuwa enyasa, ugali wetu wa muhogo na mtama, ngumu kama inavyotakiwa, na kuku wa kienyeji, na mboga chungu iliyopakwa ufuta wa kusaga. Tulikula kwenye benchi la wagonjwa, binti yake wa miaka kumi na miwili hivi akitumwagia maji ya kunawa. Alikataa nisimame kabla sijamaliza paja, akasema wasichana wa mjini tunakula kwa macho.

Mwezi uliofuata nilikwenda kuchukua data. Nilifungua kompyuta yangu, nikaingia kwenye waifai ya kisanduku, nikaliona faili, nikalifungua, mistari imejaa, nyuzi nne, nne na nusu, tano, inapendeza. Nikanakili nikafunga. Sista alikuwa ananiita chakula kinapoa. Laiti ningeangalia mstari wa kwanza. Ningeangalia mstari mmoja tu wa juu, nikasoma tarehe, ningeona kwamba mistari yote ile ilikuwa ya asubuhi hiyohiyo. Sikuangalia. Nimefundisha vijana wengi tangu hapo, na mtu akiniambia faili lipo, mimi namwuliza limeanza lini. Wananiona msumbufu.

Kisha mvua ikashika. Barabara ya huko ikawa tope, na Injinia akasema hakuna haja ya kuharibu gari, tupige simu vituoni kila Ijumaa, tuulize, tutakusanya vyote kiangazi. Hiyo ikawa kazi yangu. Kila Ijumaa mchana nilikaa dirishani, mahali simu inaposhika vizuri, nikapiga vituo kimoja kimoja. Kwa Sista Kiden mazungumzo yalikuwa marefu kidogo, ataniuliza nimekula nini, nimeswali, lini naolewa, na katikati nitamwuliza swali la kazi. Nilikuwa namwuliza hivi: "Sista, data iko?" Na yeye atatoka na simu sikioni, nasikia ndara zake, nasikia kufuli, halafu atasema: "Iko." Nami naandika kwenye daftari: Kuluba, data ipo. Wiki kumi na moja niliandika hivyo. Yeye alikuwa anakwenda kutazama ile taa ya bluu. Kwake swali langu lilikuwa kama kisanduku kiko, kama hakijaibwa, kama kinawaka, na alijibu ukweli mtupu. Kama ningemwuliza data ziko akanijibu kiko, ningeshtuka papo hapo. Lakini sisi wote wawili tuna iko moja, tumeitumia tangu tumezaliwa, na haijawahi kutukosesha kitu sokoni wala jikoni.

Surua ilikuja mwishoni mwa mvua. Watoto saba wa vijiji vya karibu, na watano kati yao walikuwa na alama kwenye kadi zao kwamba walichanjwa palepale kituoni. Mmoja alikufa, mtoto wa kike wa miaka miwili, wa mama aliyekuwa anauza mihogo ya kuchemsha nje ya lango. Nilimjua mama huyo, nilikuwa nanunua kwake. Watu hawakungoja uchunguzi wowote. Maneno ya soda yakafufuka, yakaongezwa chumvi, ikasemwa kwamba Sista alikuwa anazima jokofu la chanjo ili paneli imchajie simu za biashara. Watu wa mradi wakataka kumbukumbu ya joto ya miezi mitatu, haraka. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilimpigia simu Sista nikamwambia asiwe na wasiwasi, tunakuja, kila kitu kimeandikwa. Alinijibu kwamba anamshukuru Mungu kwa kile kisanduku.

Tulifika saa nne asubuhi. Sista alitungojea kwenye mlango wa chumba cha jokofu, amesimama wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Nikafungua kompyuta. Faili lilianza saa mbili na dakika kumi na nne za asubuhi hiyo. Mistari kumi na moja. Nikafunga, nikafungua tena, nikatafuta faili jingine, hakuna. Nikauliza kwa sauti ya kawaida tu, umeme wa soketi hii unawaka muda wote? Sista akasema hapana, taa zinakula betri mpaka inazima jioni, asubuhi jua likipanda inarudi yenyewe, kwa nini? Nilimwambia Injinia inabidi nikaangalie mezani, tukaondoka bila kula, na Sista alisimama barabarani mpaka tulipopotea, hajui kama tumechukua au hatujachukua.

Mezani haikunichukua hata nusu saa. Katika lugha ile ya programu, ukifungua faili ili uandike, unaweka herufi moja kuiambia unataka nini. Ukiweka w, inaanza ukurasa mpya na vya zamani vinafutika. Ukiweka a, inaongeza mwishoni. Mimi niliweka w. Kwa hiyo kila kisanduku kilipowashwa upya kilifuta yote kikaanza upya, na pale mezani kwangu, kwa betri nne za Injinia, hakuna kitu kilichowahi kuwashwa upya. Kule Kuluba kiliwashwa upya kila asubuhi ya Mungu. Miezi mitatu kilikuwa kinaandika mchana na kufuta asubuhi, na taa yake inawaka bluu. Nilikwenda kwa Injinia nikamwambia yote, nikimwonyesha herufi yenyewe kwenye karatasi. Hakunikaripia, na ingekuwa afadhali angenikaripia. Aliniangalia, akaniambia nenda kapumzike, nitaongea nao. Nikarudi mezani. Na kupitia zile mbao nikamsikia, kwanza kwa sauti yake laini akisema Kiingereza, halafu akampigia mtu wa wilaya akasema: "Kifaa yetu iko sawa kabisa. Kuna mutu alichomoa waya."

Sikuinuka. Nimejiuliza sana kwa nini sikuinuka, mlango ulikuwa hatua sita. Nadhani nilitaka kuamini kwamba sikusikia vizuri, nikashika chuma cha kulehemu nikaanza kulehemu kitu ambacho hakikuhitaji kulehemiwa. Siku ya mkutano ulioitishwa na kamati ya kituo kumhoji Sista, njiani kwenda Koboko, Injinia alinieleza vizuri kabisa, bila kelele, kama mzazi. Nikisema ni programu, visanduku vyote vitarudishwa, karakana itafungwa, na mimi hakuna atakayenishika mkono tena, msichana wa kwanza kupewa kazi hii na ndiye kaharibu. Lakini Sista ni mtumishi wa serikali. Watamhamisha tu, aende kituo kingine, mwaka mmoja watu watasahau. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo. Halafu akasimamisha gari akaninunulia chapati na soda, na mimi, mbwa wa mtu, nikala.

Mkutano ulikuwa palepale kituoni, mabenchi ya wagonjwa yametolewa nje. Mwenyekiti wa kamati alikuwa na daftari langu la Ijumaa mbele yake, Injinia alilitoa. Akasoma kwa sauti: wiki hii, data ipo, wiki hii, data ipo. Akamwuliza Sista kama ni kweli alijibu hivyo kila wiki. Akajibu ni kweli. Mwenyekiti akasema, basi wewe mwenyewe unakubali ilikuwepo, na wataalamu walipokuja hawakuikuta, na funguo ya chumba unayo wewe, nani alichomoa? Sista akasimama. Mikono yake ilikuwa imeshika zile funguo shingoni.

"Mimi nilisema iko. Sanduku iko, taa iko. Hiyo ingine ya ndani mimi siwezi kuona."

Watu walicheka. Si wote, lakini wa kutosha. Mmoja akaiga, sanduku iko, taa iko, soda iko, na kicheko kikaongezeka. Mama wa mihogo hakucheka, alikuwa anamtazama Sista kwa macho ambayo sipendi kuyakumbuka. Ndipo Sista akageuka akanitafuta, akaninyooshea mkono, akawaambia wamwulize huyu mtoto, yeye ndiye anajua ile kitu. Mwenyekiti akaniuliza, binti, wewe unasema nini? Nilikuwa najua maneno yote. Nilikuwa nayo mdomoni, yamepangwa, mepesi, mtu yeyote angeyaelewa. Nikatazama chini, kwenye miguu ya benchi, nikasema: "Mimi sina ya kusema." Nikakaa.

Kwa kweli hakuna anayejua joto la jokofu lile lilikuwa nyuzi ngapi miezi mitatu ile. Labda Sista alikuwa sahihi na chanjo ziliharibikia njiani kabla hazijamfikia. Labda paneli ilikuwa mbovu. Labda, sijui. Hilo ndilo linalonikaba zaidi, kwamba hata nikitaka leo kumtetea mwanzo hadi mwisho sina kitu mkononi, kwa sababu kitu hicho nilikifuta mimi, kila asubuhi, kwa herufi moja. Hawakumhamisha. Walimsimamisha kazi, barua zikazunguka, na hakurudishwa. Mimi nilibadilisha w ikawa a kwenye visanduku vyote, kazi ya dakika moja kila kimoja, na tangu hapo vilifanya kazi vizuri mno, mradi ukatusifu, Injinia akapewa wilaya nyingine. Niliacha kazi mwaka ulipoisha. Nilimwambia nataka kujitegemea. Aliniandikia barua nzuri ya sifa, na nilikuwa nayo mpaka juzijuzi.

Jumamosi nilifika Kuluba saa nne. Nilivaa mtandio mweusi, nikabeba sukari na majani ya chai. Nilitarajia watu wachache, nikakuta turubai mbili na viti vya kukodi, jenereta, kipaza sauti, na kwaya. Sijui kwa nini nilidhani watu wangemsusia hata maiti. Nilikaa nyuma, kisha nikaona aibu ya kukaa kama mgeni wa heshima, nikaenda jikoni walikokuwa wanawake. Sufuria kubwa tatu, moshi, mtu anasonga enyasa kwa mwiko mrefu kama jembe, wengine wanachambua mboga na kusengenya bei za Koboko. Nilipewa kisu na vitunguu bila kuulizwa jina. Nikasikia wakisema marehemu alikuwa akifanya vibarua vya kulima mashamba ya watu miaka ya mwisho, yeye, muuguzi, mpaka mgongo ukakataa. Walisema kwa sauti ileile waliyosemea bei za mchele. Nilikata vitunguu, angalau macho yangu yalikuwa na sababu.

Binti aliyetumwagia maji zamani ndiye aliyenitambua. Anaitwa Keji, sasa ni mama wa watoto wawili, mrefu kama mama yake. Alisimama mbele yangu na beseni, akanitazama, akasema, wewe ni anti wa sanduku. Nikasema ndiyo. Nilidhani atanifukuza na nilikuwa tayari. Badala yake aliweka beseni chini, akanikumbatia, akakaa kwenye kigogo karibu nami, akaniambia mama alikuwa ananitaja mara nyingi. Alikuwa anasema, siku ile watu wote walimtia mdomoni, ila yule msichana wa Kinubi peke yake alikataa kusema neno baya juu yake. Waliniuliza kabisa, nikasema sina ya kusema. Alikuwa ananiombea. Keji alisema hivyo akitabasamu, akinishika goti, na mimi kisu kikawa kizito hata kukiweka chini sikuweza. Kisha akashusha sauti.

"Lakini anti, siku ya mwisho ilimusumbua sana. Alianza kusema labda ni yeye kweli. Labda aligusa waya wakati anadeki, hakuona. Alimwomba mchungaji amuombee juu ya ile mtoto ya mama wa mihogo. Alikufa anaomba msamaha."

Sikumwandalia maneno. Nilimwambia hapohapo, kwenye moshi, wenzake wakisikia. Nilimwambia kwamba mama yake hakugusa waya, kwamba kifaa kilikuwa kinajifuta chenyewe kila asubuhi kwa sababu mimi nilikosea kukiandika, kwamba nililijua hilo kabla ya mkutano, na kwamba kunyamaza kwangu hakukuwa kumhurumia, nilikuwa najihurumia mwenyewe. Mwiko ukasimama kwenye sufuria. Keji aliondoa mkono wake kwenye goti langu, polepole, akaupangusia kwenye kanga. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mama yake aliwahi kujua. Nikasema hapana. Akauliza kama nilijua njia ya kuja huku. Nikasema naijua.

Akainuka, akanishika kifundo cha mkono, si kwa upole, akanitoa jikoni, akanipitisha katikati ya viti mpaka mbele alikokuwa mchungaji. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo, akaisimamisha kwa mkono. Akasema huyu ametoka Arua, ana maneno ya mama, apewe kipaza. Nikapewa. Katika safu ya pili alikaa mama wa mihogo, amezeeka, nilimtambua kwa macho. Nilitazama watu, si chini, nikasema Sista Kiden hakuchomoa waya. Nikasema sanduku ilijifuta yenyewe, mimi ndiye niliitengeneza vibaya, na siku ya mkutano nilijua, nikanyamaza, yeye akabeba. Nikasema mambo hayo kwa maneno machache kuliko nilivyoyaandika hapa. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya turubai, na mzee mmoja wa viti vya mwisho akainua mkono, akasema samahani, huku nyuma hawajasikia, huyo dada anasema nani alichomoa? Keji akaniambia nirudie. Nikarudia.